Kifurushi cha Bi Sindano

Wahenga waliposema kwamba mkaa bure si sawa na mtembea bure, hawakumwahidi mtembezi dhahabu. Walisema tu kwamba hafanani na aliyekaa. Aliyekaa hujiona ametulia, kumbe amejiweka pale pale ambapo balaa lilimwacha mara ya mwisho, na ndipo litakapomkuta likirudi. Atembeaye bure, asiye na safari wala haja, hukutana na mambo ambayo hakuyatafuta. Maana hiyo Bi Sindano aliijua kwa ulimi tangu utotoni. Ilimchukua miaka sitini na moja kuijua kwa miguu.

Bi Sindano alikuwa fundi cherehani. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limefifia kama kitambaa kilichoanikwa juani, likabaki hilo la kazi. Chumba chake kilikuwa na dirisha moja, meza ya kukatia, pasi, kioo kirefu chenye ufa pembeni na cherehani nyeusi ya kukanyaga kwa miguu. Alasiri, jua lilipoingia dirishani, vumbi la pamba liliinuka na kuelea polepole, chumba kizima kikawa kama kimezama chini ya maji. Hapo Bi Sindano hukanyaga pedali na kuimba. Gurudumu likizunguka, naye alisafiri. Alivuka madaraja ya miji asiyoijua, akapita mashamba yasiyo na mwisho, na nguo ilipofika kwenye pindo naye alirejea nyumbani.

"Miguu hii imeizunguka dunia," alipenda kuwaambia wateja, "na bado haijafika mlangoni."

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakumwambia mteja yeyote. Mara kwa mara usingizi ulimwiba pale pale kwenye cherehani, kichwa kikaegemea kitambaa, na ndoto ile ile ikaja. Aliona chumba cheupe kisicho na mlango. Ndani yake palikuwa na benchi refu. Upande mmoja ameketi marehemu mama yake, upande wa pili ameketi marehemu dada yake, na katikati yao pameachwa nafasi ya mtu mmoja. Dada yake aliipangusa nafasi ile kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayemwandalia mgeni.

"Njoo ukae, mdogo wangu," alimwambia. "Umechoka."

Wote wawili walikuwa wameondoka kwa maradhi mamoja: saratani ya matiti. Mama aliondoka akiwa na miaka sitini na tatu. Dada aliondoka miaka sita iliyopita, akiwa na sitini na mbili. Bi Sindano, ambaye maisha yake yote aliishi kwa vipimo, hakuhitaji mtu wa kumsomea hesabu ile.

Siku moja alasiri aliingia binti wa dada yake, ambaye alikuwa muuguzi, akitoka zamu na viatu vyake vyeupe mkononi.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umevaa uso wa hospitali? Uvue, uuache hapo mlangoni na viatu."

Yule binti hakucheka. Alivuta kigoda akaketi. "Bibi aliugua. Mama yangu akaugua. Mimi na wewe tumo katika foleni hiyo hiyo. Nimekuomba uje upigwe picha ya matiti, mwaka wa sita huu."

"Atafutaye hachoki, na akichoka keshapata," alijibu Bi Sindano huku akitunga uzi. "Mimi sitafuti, nisije nikapata."

"Basi anza na mazoezi."

"Mazoezi!" Bi Sindano aliinua gauni lake hadi magotini. "Tazama miguu hii. Tangu alfajiri inakanyaga. Nani katika mtaa huu anafanya mazoezi kunizidi?"

"Haya, kanyaga. Na uimbe."

Bi Sindano alikanyaga, akaimba. Aliimba beti tatu nzima, sauti imenyooka kama mshono, wala hakusita hata kumeza mate. Alipomaliza alimtazama mpwa wake kwa ushindi.

"Umeona?"

"Nimeona. Miguu inakwenda, lakini moyo umelala fofofo. Mazoezi ninayosema ni yale ya kukutoa pumzi, mama mdogo. Uweze kusema maneno mawili matatu, lakini kuimba usiweze. Ukiweza kuimba, bado hujafika."

"Na hayo yataniepusha?"

"Sitakudanganya. Hayakufungii mlango kabisa. Lakini wanawake wa umri wako wanaotoka jasho, hatari yao hupungua kuliko wanaokaa. Mimi nakitaka hicho kidogo kinachopungua. Nakitaka kwako, na kwangu pia." Akatoa chombo cha kupimia shinikizo la damu mfukoni. "Lete mkono. Hatuanzi kwa pupa, tunaanza kwa kupima."

Neno kupima lilimlainisha fundi. Akatoa mkono.

Ng'ambo ya njia aliishi mwalimu mstaafu wa michezo, mama wa miaka sitini na saba, mkavu kama fito. Alistaafu lakini filimbi yake haikustaafu. Kila asubuhi kulipopambazuka aliwakusanya wanawake wa makamo katika uwanja wa shule na kuwazungusha kama saa. Bi Sindano aliwajua; alikuwa akiwaona dirishani wakipotea ndani ya ukungu na kutokea tena, akidhani ni mabaki ya usingizi.

Kilichomzuia si uvivu. Ilikuwa haya. Maisha yake yote hakuwahi kupiga hatua isiyo na sababu. Alitoka kwenda kununua vifungo, au kupeleka nguo, au kuzika. Kutembea kisha kurudi mikono mitupu, aliona ni jambo la watoto au la wenye wazimu.

"Watu watauliza nakwenda wapi," alimwambia Mwalimu alipokuja kumwalika. "Nitawajibu nini? Natembea bure?"

"Waambie hivyo hivyo."

"Mwanamke mzima!"

Akatafuta dawa ya haya yake. Juu ya kabati kulikuwa na kifurushi cha karatasi kilichofungwa kwa kamba. Ndani yake mlikuwa na kitambaa kizito cha pamba, rangi ya wingu la mvua, ambacho dada yake alikileta kabla hajalazwa. "Nishonee gauni," alisema siku ile. "Nikipona nitalifuata." Hakulifuata. Bi Sindano hakukikata kitambaa kile, hakukiuza, hakukifungua. Sasa alikishusha, akakipangusa vumbi, akakiweka kwapani na kutoka.

"Unakimbilia wapi alfajiri hii, Bi Sindano?" aliuliza mwoka mikate akiwa mlangoni kwake, amejaa unga hadi kwenye nyusi.

"Napeleka nguo!"

Kesho yake akaulizwa tena, akapeleka nguo tena. Wiki ya kwanza alitembea tu kwa haraka. Wiki ya tatu Mwalimu alimwamuru akimbie kutoka goli moja hadi jingine, atembee, kisha akimbie tena. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba magoli hayakuonekana; mtu alikimbia kuelekea weupe mtupu, akiamini tu kwamba mahali fulani mbele kuna nguzo. Bi Sindano alisikia pumzi za wenzake pande zote bila kuwaona, kama vile ukungu wenyewe ndio unaohema. Katika weupe ule alijisahau, akaanza kuimba kwa mazoea.

Filimbi ililia. "Nani anaimba huko nyuma? Anayeimba aongeze mwendo!"

Akaongeza. Wimbo ulikatika katikati ya neno. Moyo ulimdunda hadi masikioni, jasho likamtiririka mgongoni, na magoti yakalalamika kama bawaba za mlango mkuukuu. Lakini aliposimama, mikono kiunoni, alihisi kitu ambacho hakukihisi kwa miaka. Mwili wake ulikuwa hapo. Ulikuwa umeamka, unapiga kelele, unadai maji.

"Niambie kweli, mwenzangu," Mwalimu alimwambia akikitazama kifurushi. "Huyo mteja wako anakaa wapi? Tumeuzunguka uwanja mara nane na hatujamfikia."

Wanawake waliangua kicheko. Bi Sindano naye alicheka mpaka akaketi chini.

Hata ndoto ilianza kugeuka. Benchi lilikuwa pale pale, lakini sasa chumba kilikuwa kirefu kama uwanja, nao waliokaa walikuwa mbali, wadogo kama picha ya pasipoti. Sauti ya dada yake ilimfikia imechoka njiani.

Mwezi wa pili Bi Sindano alikwama. Miguu ilitaka kwenda mbio zaidi, ila kifua kilikataa. Sidiria zake zilikuwa za mtu wa kukaa.

"Huku mbele kunakimbia mwendo wake, na mimi nakimbia wangu," alilalamika. "Nikisimama, wenyewe hawajasimama."

"Kinyozi hajinyoi!" Mwalimu alipiga makofi. "Umewashonea wanawake wa mji mzima, wewe mwenyewe huna nguo ya kukushika! Nenda ukajishonee."

Alasiri ile alifunga mlango, akasimama mbele ya kioo na kuchukua utepe wa kupimia. Hapo ndipo lilipomjia jambo la ajabu. Kwa miaka arobaini alikuwa amezungusha utepe ule kwenye vifua vya maharusi, vya wajawazito, vya wasichana wenye haya. Kifua chake mwenyewe hakuwahi kukipima. Alikuwa akikwepa hata kukitazama, tangu dada yake alipoondoka. Aliguna, akapiga moyo konde, akauzungusha utepe. Alipima juu, alipima chini, alipima kulia na kushoto, akaandika kwa chaki pembeni mwa meza.

Alihitaji kitambaa kizito kisichovutika ovyo. Alijua anacho kimoja tu.

Alikaa kitambo kirefu, kifurushi kikiwa mapajani. Mwanga uliingia dirishani, pamba ikaelea. Kisha akaifungua ile kamba, fundo baada ya fundo, bila kuikata. Kitambaa kilitoka kikiwa na harufu ya karatasi na ya mbali sana, labda ya kufikirika, harufu ya mafuta aliyopenda kujipaka dada yake. "Hukulifuata gauni lako," alinong'ona. "Nisamehe, nitalivaa mimi." Mkasi ukapita.

Alikishona kwa ustadi ambao hakuwahi kumpa mteja yeyote: kizibao kifupi cha kubana, mshono maradufu, kila upande umekaa kama ngozi ya pili. Asubuhi alipotoka, mikono yake ilikuwa mitupu.

"Leo hupeleki nguo?" aliuliza mwoka mikate.

"Imeshafika."

Miezi minne ikapita hivyo, kama ndoto nzuri ambayo mtu huiota akijua kwamba anaota. Bi Sindano sasa alikuwa anakimbia raundi nne bila kusimama. Alifua kizibao chake kila jioni na kukianika kwenye kamba juu ya cherehani.

Ndipo asubuhi moja, akikivaa mbele ya kioo, jicho lake la fundi likanasa kosa. Upande wa kushoto, karibu na kwapa, palikuwa na mkunjo. Ulikuwa mwembamba kama unywele, umelala mshazari, mahali ambapo awali hapakuwa na mkunjo. Alivuta kitambaa, ukaondoka, alipokiachia, ukarudi.

"Kimesinyaa kwa kufuliwa," alijiambia.

Alikivua, akakilaza mezani, akakipima. Vipimo vilikuwa vile vile vya chaki. Akakikunja katikati, kulia juu ya kushoto. Pande zote mbili zililingana kama midomo iliyofumbwa. Kwa miaka arobaini alikuwa na neno lake la utani kwa wateja wabishi waliodai kwamba gauni limeharibika: "Nguo haina kosa, mama. Tazama mwili."

Akageuka kwenye kioo. Akainua mkono wa kushoto. Hapo chini, ngozi ilikuwa imebonyea kidogo sana, kama alama ya kidole kwenye unga. Asingejua ilikuwapo kama nguo isingemwambia.

Hakuenda uwanjani. Hakukaa pia. Alivaa, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa mpwa wake, na alipofunguliwa mlango alisema maneno mawili tu, kwa maana pumzi haikutosha zaidi.

"Nipeleke. Leo."

Alipigwa picha, akatolewa kipande kidogo cha nyama kwa sindano, akangoja majibu siku tisa. Daktari aliyewasomea majibu alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Alisema ni saratani, na kwamba bado ndogo, kama punje ya choroko, haijasafiri kwenda popote. Alisema itatolewa, na baadaye kuna matibabu mengine ya kuhakikisha. Alisema, kwa jinsi ilivyokaa ndani, mwenyewe asingeihisi kwa kidole hata baada ya miezi mingi.

Bi Sindano hakusikia isipokuwa neno la kwanza. Aliporudi nyumbani alikivuta kizibao kutoka kwenye kamba na kukitupa sakafuni.

"Bure!" aliwaambia Mwalimu na mpwa wake waliomfuata ndani. "Nimehema kama mbwa, nimechekwa na mwoka mikate, magoti yameniwaka moto, na bado balaa limenikuta! Nilikimbia bure!"

Mwalimu ndiye aliyeinama akaokota kizibao, akakikung'uta, akakilaza juu ya meza penye vipimo vya chaki.

"Ndiyo, ulikimbia bure," alisema. "Nani anabisha? Hukulipwa, hukutumwa, hukufika popote. Sasa nijibu. Nguo hii uliishona kwa ajili gani?"

"Ya kukimbilia."

"Usingekimbia, ungeishona?"

Bi Sindano alikitazama kizibao.

"Usingeishona, ungejipima? Ungesimama mbele ya kioo hiki ukatazama mkunjo? Au ungekuwa umekaa hapo, unaimba?"

Vumbi la pamba lilikuwa likishuka katika mwanga, chembe moja moja, bila haraka. Bi Sindano aliweka kidole juu ya mshono wa kushoto, pale mkunjo ulipokuwa umelala, na ilimjia kwamba kitambaa cha dada yake ndicho kilichosema. Kilikuwa kimenyamaza miaka sita juu ya kabati kikingoja kufunguliwa.

"Nipigie pasi hicho," alisema hatimaye. "Fundi haendi hospitali na nguo yenye makunyanzi."

Siku ya upasuaji, daktari wa usingizi alimwekea chombo kifuani akasikiliza, kisha akasikiliza tena.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Cherehani."

"Huu si moyo wa mtu anayekaa."

"Natembea bure, daktari," alijibu Bi Sindano. Aliona fahari kulisema.

Taa zikayeyuka. Chumba kikawa cheupe, kisha kikawa uwanja, kisha kikawa ukungu. Alikuwa akikimbia, na miguu haikuwa na uzito. Mbele yake benchi likatokeza polepole, na juu yake mama na dada, karibu sasa kuliko wakati wowote, karibu kiasi cha kuona vifungo vya nguo zao. Nafasi ya katikati ilikuwa bado wazi. Dada yake aliinua kiganja ili aipanguse, kisha mkono ukamsimama hewani. Alikuwa amekiona kitambaa.

"Hicho si changu?"

"Ni chako, dada. Kimenifaa."

"Hukai?"

Bi Sindano alitaka kueleza, lakini pumzi ilitosha maneno mawili tu.

"Napita, dada."

Mama yake akacheka, kicheko ambacho binti yake alikuwa amekisahau, na akasogea hadi katikati ya benchi, akaijaza ile nafasi kwa mwili wake. Ukungu ukawafunika wote wawili. Nyuma sana, au mbele sana, filimbi ililia.

Alifumbua macho akamwona mpwa wake ameinama juu yake.

"Mama mdogo? Wamekitoa kivimbe chote. Unanisikia?"

Alisikia. Alijaribu kuimba ili ajue amefika wapi, na sauti ikatoka nyembamba, lakini ilitoka.

Miezi mingi baadaye, matibabu yalipokwisha na daktari kumruhusu, Bi Sindano alipita tena mbele ya duka la mikate kulipokucha. Alikwenda taratibu, mkono wa kushoto ukiwa bado mzito. Kando yake alikuwapo yule binti, ambaye wiki hiyo hiyo alikuwa amepigwa picha yake mwenyewe na kuambiwa yuko salama. Fundi alikuwa amemshonea kizibao kutoka kwenye kitambaa kilichobaki.

"Karibu tena, Bi Sindano!" aliita mwoka mikate kutoka ndani ya unga wake. "Leo unapeleka nini?"

"Sipeleki kitu."

"Sasa unakwenda wapi?"

Bi Sindano hakusimama. Alishika mkono wa mpwa wake, akaongeza mwendo kidogo, na kabla ukungu haujawameza aligeuza kichwa amjibu, kwa maneno machache ambayo pumzi ilimruhusu:

"Popote! Mkaa bure si sawa na mtembea bure."